Mnyama wa Nani? Njia Nne za Kuipa Jamii Mamlaka juu ya Wanyamapori, na Ipi Inafaa Wapi

Mahindi yakianza kukomaa, mkulima anayepakana na hifadhi haendi kulala nyumbani. Analala juu ya dungu shambani, na debe tupu, tochi, na kuni za kuchochea moto. Tembo hatangulizi kelele. Hatua zake husikii. Unachosikia ni bua likivunjika, kisha jingine, na hapo unajua wameshaingia na hawako wawili. Unapiga debe, jirani anaitikia kwa la kwake, mbwa wanabweka, na kukicha ekari uliyoilima kwa jembe la mkono imelala chini. Angekuwa ng'ombe wa jirani ungejua mlango wa kubisha. Huyu wa jana usiku, kwa sheria za nchi nyingi, ni mali ya taifa zima, maana yake hana mlango.

Kwenye dungu ndipo linapoanzia swali la nani awe na mamlaka juu ya wanyamapori. Sheria za kikoloni ziliwageuza wawindaji wa asili kuwa majangili kwa mkupuo wa kalamu, na serikali huru zikazirithi karibu zilivyo. Tangu miaka ya 1980 nchi kadhaa zimejaribu kurudisha sehemu ya mamlaka kwa wanaoishi na wanyama. Nitalinganisha nne: Zimbabwe, Namibia, Tanzania na Kenya. Nawaandikia wanaokaa kwenye mikutano ambako jambo hili linapigiwa kura: mwenyekiti wa kijiji, mzee wa ukoo, mama aliyepoteza shamba, kijana anayeulizwa kama anataka kuwa askari wa wanyamapori.

Niseme mapema ninavyopima. Wageni wanaokuja na mradi huanza na pesa: kitalu cha uwindaji kitaingiza kiasi gani, watalii wangapi. Mimi naanza na mambo matatu. Nani anatia saini mkataba? Pesa inapita mikono mingapi kabla ya kufika? Na jamii ikisema hapana, leo au baada ya miaka kumi, hapana yake ina nguvu? Jamii yenye mapato madogo na saini yake mkononi ina pa kuanzia. Yenye mapato makubwa yanayosainiwa na mwingine inaishi kwa kungoja.

Zimbabwe: mamlaka yaliyoishia wilayani

Sheria ya wanyamapori ya Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa kabla ya uhuru, ya mwaka 1975 iliwapa wenye mashamba makubwa, karibu wote wazungu, haki ya kuwatumia wanyama walioko kwenye ardhi yao. Wakulima weusi wa ardhi za jumuiya hawakupewa haki hiyo. Baada ya uhuru, mwaka 1982, sheria ikarekebishwa ili haki hiyohiyo ifike kwenye ardhi za jumuiya, na hapo ndipo kwenye kasoro iliyoandama mambo yote yaliyofuata: haki haikupewa kijiji, ilipewa halmashauri ya wilaya. Mpango wa CAMPFIRE, wa kuwapa wakazi wa ardhi za jumuiya faida ya wanyamapori, ulipoanza mwaka 1989, na Nyaminyami na Guruve zikiwa wilaya za mwanzo, ulijengwa juu ya msingi huo.

Palipokuwa na halmashauri yenye nia njema, ulifanya makubwa. Mfano unaosimuliwa sana ni wa Chikwarakwara, wilaya ya Beitbridge, mwaka 1990. Mapato ya uwindaji hayakuishia kwenye taarifa. Yalihesabiwa mbele ya watu. Kila kaya ilishika dola 400 za Zimbabwe za wakati ule. Kisha, baada ya kuzishika, watu wenyewe wakaamua ni kiasi gani kiende kwenye mashine ya kusaga, kiasi gani shuleni, na kiasi gani kibaki mfukoni. Mpangilio huo una uzito. Mtu akiambiwa "tumekujengea darasa kwa pesa za tembo" husikia habari ya darasa. Akipewa pesa mkononi, akazitoa mwenyewe kwa ajili ya darasa, amejua kwamba tembo alikuwa wake.

Lakini mwongozo uliotaka angalau nusu ya mapato ifike kwa jamii ulikuwa mwongozo, haukuwa sheria. Uchumi ulipoporomoka miaka ya 2000, halmashauri ambazo hazikuwa na pesa hata za mishahara zilishikilia za wanyama. Zilizofika zilifika zimechelewa, na mfumuko wa bei wa mwaka 2008 ukazimaliza. Wanaoishi na tembo hawakuwa na kifungu cha kumshtaki mtu, kwa sababu mkataba haukuwa wao.

Profesa Marshall Murphree wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliyeufuatilia mpango huu kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba kundi linalobeba gharama za mnyama ndilo linalopaswa kuwa mwenyewe, kumsimamia na kula faida yake, na kwamba kundi hilo liwe dogo kadiri inavyowezekana. Nakubaliana naye bila kusita. Wilaya ina watu ambao hawajawahi kulala kwenye dungu, na hao ndio waliobaki na saini.

Namibia: saini iko kijijini, ardhi iko kwa serikali

Namibia iliona kosa hilo ikalikwepa. Nako wenye mashamba wazungu walikuwa na haki juu ya wanyama tangu miaka ya 1960, na marekebisho ya sheria ya mwaka 1996 yakatoa haki zinazofanana na hizo kwa wakazi wa ardhi za jumuiya. Tofauti ni kwamba halmashauri haikuwekwa katikati. Wakazi wanajiandikisha wenyewe, wanakubaliana mipaka na majirani, wanaandika katiba, wanachagua kamati na kupanga namna ya kugawana faida. Wakikamilisha hayo serikali inawasajili. Nyae Nyae ya Wasan, jamii ya wawindaji wa asili, ilisajiliwa mwaka 1998, na mwaka huohuo zikafuata nyingine, ikiwemo Torra ya kaskazini-magharibi. Leo hifadhi hizo za jamii ni zaidi ya 80, na zimefunika takribani sehemu moja ya tano ya nchi.

Jamii inasaini mkataba na kampuni ya utalii au ya uwindaji, na pesa inaingia kwenye akaunti ya jamii yote, bila serikali kukata fungu lake kwanza. Nyama ya mnyama aliyewindwa nayo hugawiwa. Kwa mtu anayepanga kuanza, zingatia jambo moja ambalo Namibia imelionyesha vizuri: uwindaji huleta pesa mapema, kabla hamjajenga chochote, na utalii wa picha huleta ajira baadaye, kambi zikishasimama. Jamii iliyolazimishwa kuchagua kimoja tu huumia mwanzoni au mwishoni.

Mizizi yenyewe ni ya kale kuliko sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, majangili na ukame vilipokuwa vinamaliza tembo na faru wa Kaokoveld, huko kaskazini-magharibi, wazee wa huko, akiwemo Joshua Kangombe, walishirikiana na mhifadhi Garth Owen-Smith kuchagua walinzi kutoka miongoni mwa watu wao. Walilipwa unga na fedha kidogo. Hawakuwa askari wa kukamata jirani usiku. Walikuwa macho ya wazee. Mila ya kulinda ilikuwepo kabla ya mapato, na nadhani ndiyo sababu mapato yalipokuja yalipata pa kukaa.

Ukitaka kuona mamlaka yakiwa kitu cha kushikwa mkononi, tazama kitabu cha mlinzi wa Namibia. Ni kitabu cha manjano kinachobebwa porini. Simba akiua mbuzi, tembo akivunja bomba la maji, nyaya za mtego zikikutwa kwenye kichaka, mlinzi anaandika siku hiyohiyo kwa kalamu. Mwisho wa mwezi matukio yanahamishiwa kwenye kitabu cha bluu, kwa kupaka rangi kisanduku kimoja kwa kila tukio, hata asiyesoma sana akiona mnara wa visanduku unapanda anajua fisi wamezidi. Chekundu ni cha mwenendo wa miaka. Vitabu vinabaki ofisini kwa jamii. Mtaalamu anayetaka takwimu anakwenda kuziomba. Nimeona miradi mingi ambayo takwimu za kijiji zinaondoka na gari lililozifuata, na wanakijiji wanakuja kuzisikia kwenye warsha.

Udhaifu wa Namibia uko chini ya miguu. Haki ni juu ya wanyama, ardhi ni ya serikali. Mwaka 2009 wafugaji kutoka nje walikata uzio na kuingiza ng'ombe Nyae Nyae, na jamii haikuwa na nguvu ya kisheria ya kuwatoa kama ambavyo mwenye ardhi angekuwa nayo. Kwa jirani zao wa N‡a Jaqna, ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu ndipo mwaka 2016 ikaamriwa kwamba uzio uliojengwa kinyume cha sheria uondolewe. Kuna na tatizo la ndani: kamati kadhaa zimetumia sehemu kubwa ya mapato kwa magari, posho na mishahara, na mwanachama wa kawaida anaona kidogo. Hilo halitibiwi na sheria. Linatibiwa na mkutano mkuu wenye watu wanaouliza. Na ukame wa muda mrefu kaskazini-magharibi umepunguza wanyama kiasi kwamba katiba nzuri peke yake haiwezi kuwarudisha.

Tanzania: mlango wa kuingia ni mpana, wa kutokea haupo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili wanapotakiwa kuamua.

Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 iliahidi kwamba vijiji vitanufaika, na kanuni za mwaka 2002 zikaleta Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambazo watu wanaziita kwa kifupi cha Kiingereza, WMA. Sasa zinazofanya kazi ni zaidi ya 20: Ikona na Makao upande wa Serengeti, Burunge kati ya Tarangire na Manyara, Enduimet chini ya Kilimanjaro, Randilen huko Monduli, MBOMIPA mkoani Iringa, na nyinginezo kusini na magharibi.

Tanzania ina kitu ambacho Zimbabwe na Namibia hazina: kijiji chenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli juu yake. Msingi huo ni wa thamani kubwa. Lakini mnyama aliye juu ya ardhi hiyo si wa kijiji. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao. Kwa hiyo WMA ni mapatano: kijiji kinatoa ardhi ambayo kina haki nayo, kinapokea haki ya matumizi juu ya mnyama ambaye hakina haki naye.

Njia yenyewe ni ndefu. Vijiji vinakubali kwenye mikutano mikuu, vinaandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, vinaunda jumuiya yenye katiba, vinaandaa mpango wa usimamizi, kisha Waziri anaidhinisha na kutangaza kwenye Gazeti la Serikali. Vijiji vichache vimefika huko bila kushikwa mkono na shirika la nje, na anayekushika mkono ndiye kwa kawaida anayechora ramani. Pesa nazo, hasa za uwindaji, hupita kwanza serikali kuu kabla ya mgawo kurudi. Katika kile kinachorudi, kanuni zinataka angalau asilimia 50 iende vijijini. Unayesoma asilimia hiyo, uliza ni asilimia 50 ya nini, na imekatwa mara ngapi kabla.

Kabla ya hapo vijiji kadhaa vya kaskazini vilikuwa vinasaini vyenyewe mikataba na kampuni za utalii na kupokea malipo moja kwa moja. Kanuni za miaka ya 2007 na 2008 zilihamishia malipo hayo kwenye mfumo wa serikali kuu. Ndiyo maana nasita ninaposikia WMA ikielezwa kama hatua ya kuwapa wananchi mamlaka. Kwa kijiji kisichokuwa na kitu ni hatua mbele. Kwa kijiji kilichokuwa na mkataba wake ni hatua nyuma, na vyote viwili vinaambiwa ni mradi uleule.

Burunge inaonyesha hayo waziwazi. Ni miongoni mwa jumuiya zinazoingiza pesa nzuri, kwa kuwa iko katikati ya hifadhi mbili za taifa. Ina vijiji kumi. Vyenye kambi za watalii ndani ya mipaka yao vinagawana na visivyokuwa nazo, jambo ambalo kwa upande mmoja ni haki, maana tembo hali mahindi ya kijiji chenye kambi peke yake. Kwa upande mwingine kijiji cha Minjingu kilipotaka kujitoa, kiligundua kwamba kuingia kulihitaji kura ya mkutano wa kijiji, lakini kutoka kulihitaji ridhaa za wengine, na hakikufanikiwa.

Je, basi mkatae? Hapo pana ugumu wa kweli, na sitaki kumdanganya mtu. Vijiji vya Loliondo vilikataa WMA kwa miaka mingi, vikihofia kupoteza malisho. Juni 2022 serikali iliweka mipaka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500 na kulitenga kwa uhifadhi, na eneo hilo sasa ni pori la akiba la Pololeti. Kukataa hakukuwalinda. Upande mwingine, Randilen ilianza kwa upinzani mkali, wazee wakiamini wananyang'anywa ardhi. Baadaye wengi wao waligeuka watetezi wake, kwa sababu ng'ombe wao waliendelea kuchunga ndani kwa utaratibu, na mkulima mkubwa kutoka nje hakuweza tena kuja kupima mashamba. WMA iliyoandikwa vizuri inaweza kuwa ngao ya malisho. Iliyoandikwa vibaya inakuwa hatua ya kwanza ya kuyapoteza. Tofauti inakaa kwenye kurasa za mpango wa usimamizi ambazo watu wengi waliopiga kura hawakuwahi kusomewa.

Kuna njia mbili ndogo ambazo hazizungumzwi vya kutosha. Moja ni ya Terrat, Simanjiro, ambako tangu katikati ya miaka ya 2000 kampuni kadhaa za utalii ziliungana kukilipa kijiji kila mwaka ili uwanda wake usilimwe. Nyumbu wanaotoka Tarangire wanazaa pale, na ng'ombe wanachunga palepale. Kijiji hakikuhamisha mamlaka yoyote. Kiliahidi kutofanya jambo ambalo wafugaji wenyewe hawakulitaka. Nyingine ni hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kwa kundi zima, kama waliyopata Wahadzabe wa bonde la Yaeda mwaka 2011. Hawakuanza na mnyama. Walianza na ardhi, wakaifunga kwa hati, na mapato ya kaboni, yaani malipo ya kutunza misitu inayofyonza hewa ya ukaa, yakaja baadaye wakiwa tayari na karatasi mkononi.

Kenya: mwenye hati analipwa, asiye nayo anatazama

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo nguzo moja ya Zimbabwe na Namibia haipo. Kilichobaki ni utalii, misaada, na siku hizi kaboni. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilizitambua hifadhi za jamii kuwa matumizi halali ya ardhi, ingawa nyingine zilikuwa zimeanza tangu miaka ya 1990.

Lakini "hifadhi ya jamii" ya Kenya ni vitu viwili vyenye jina moja. Kule Mara, ranchi za pamoja ziligawanywa, kila mwanachama akapata kipande na hati. Wenye vipande wakaviunganisha na kuvipangisha kwa kampuni za utalii: Olare Orok mwaka 2006, Mara North mwaka 2009, Naboisho mwaka 2010. Kodi inalipwa kwa ukubwa wa ardhi, kwa mwenye hati mwenyewe, watalii wawe wengi au wachache. Kwa upande wa pesa kupita mikono michache, sijaona mfumo unaoushinda huu. Hakuna kamati ya kukupigia mahesabu. Unajua mwezi umefika kwa sababu pesa imeingia.

Gharama yake inalipwa na asiye na hati. Hati nyingi ziliandikwa majina ya wanaume. Mke anayechota maji, kijana aliyezaliwa baada ya mgawanyo, na jirani ambaye kipande chake kiliangukia nje ya mstari, wote wanaishi na simba yuleyule bila kodi ileile. Na kwa kuwa makazi huondolewa ndani ya hifadhi na malisho kuwekewa ratiba, ng'ombe hujazana kando. Mwaka 2020 korona iliposimamisha ndege, ilibidi malipo yapunguzwe, na familia zilizokuwa zimehama zikagundua kuwa zimeweka mguu wote kwenye mtumbwi mmoja.

Kaskazini ni habari nyingine. Ardhi ni ya jamii nzima, na usajili wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 umekwenda polepole. Hifadhi zikatangulia ardhi: bodi zikaundwa, askari wakavaa sare, magari yakaja, wakati wenye ardhi bado hawajasajiliwa kuwa wenye ardhi. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, ikiwemo Biliqo Bulesa, zilianzishwa kinyume cha katiba, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo inamhusu kila anayeandaa mkutano wa kijiji popote, maana orodha ya mahudhurio yenye saini za watu waliokuja kunywa soda haitoshi tena kuwa ushahidi wa ridhaa.

Kwenye maafa Kenya imeandika fidia kubwa: sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni tano za Kenya kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Wengi wamengoja miaka. Tanzania kwa makusudi haitumii neno fidia. Kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa uhai, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja za Tanzania kwa kifo. Maneno hayo mawili, ukiyasikiliza, yanasema ukweli kuhusu nani anajiona ana deni. Mwenye deni hulipa fidia. Asiyejiona na deni hukupa kitambaa.

Mkono ulio mbali

Mfumo wowote mtakaoshika, kuna watu ambao hamtawaona wanaoweza kuufunga. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Zimbabwe na Tanzania, na wateja wengi wa uwindaji ni Wamarekani. Botswana ilipiga marufuku uwindaji Januari 2014 kwa uamuzi wa juu, ikaufungulia tena mwaka 2019. Katikati, jumuiya zilizokuwa zinauishi ziliachwa na walinzi wasiolipwa. Sisemi nani ana haki kuhusu uwindaji wenyewe, watu wema wanatofautiana hapo. Ninachosema ni kwamba jamii isiyokuwepo mezani wakati wa kufunga haikuwa na mamlaka hata wakati wa kufungua. Kwa hiyo msipange mishahara ya walinzi juu ya chanzo kimoja.

Basi mchague nini

Hakuna kijiji kinachochagua nchi. Mwanakijiji wa Babati hawezi kuagiza sheria ya Windhoek, Namibia. Anachoweza ni kuchagua kati ya njia ambazo sheria yake inaziruhusu, na kudai vipengele ambavyo wengine walivikosa wakajuta.

Kama ardhi yenu bado haina karatasi, msianze na mnyama. Anzeni na hati: hati ya kimila ya kundi kwa Tanzania, usajili wa ardhi ya jamii kwa Kenya. Wasan wa Nyae Nyae na wafugaji wa Isiolo wamelipia somo hili kwa niaba yenu.

Kama tishio kubwa ni mashamba ya watu wa nje na mapato ya watalii ni ya kubahatisha, mkataba mdogo wa aina ya Terrat unawatosha. Hauna ofisi ya kulisha, na ukiisha mnabaki na kila mlichokuwa nacho.

Kama mko kwenye ushoroba, yaani njia ya wanyama, wenye wanyama wengi na mwekezaji anawatafuta, WMA inaweza kulipa, nami nisingewaambia muikatae kwa hasira tu. Lakini malisho ya kiangazi yaandikwe kwa majina ya mahali, na miezi itajwe. Akaunti iwe na watia saini kutoka zaidi ya kijiji kimoja. Taarifa ya mapato ibandikwe ubaoni kila baada ya miezi mitatu, kwa tarakimu, siyo kwa maneno "yameongezeka".

Kama mna hati za mtu mmojammoja, kodi ya namna ya Mara ndiyo bora kwa pesa. Kabla ya kusaini, kaeni na wake zenu na vijana wasio na vipande muamue fungu lao, kwa sababu baada ya mwezi wa kwanza wa malipo hakuna mwenye hati atakayekumbuka kulitenga. Na mkataba useme nini kinatokea ndege zisipokuja.

Kwa walio serikalini wanaoandika sheria, ningechukua saini na akaunti ya Namibia nikaiweka juu ya ardhi ya kijiji ya Tanzania. Viungo vyote viwili vipo tayari. Havijawahi kuwekwa kwenye chungu kimoja.

Na siku ya mkutano wenyewe, kabla ya mikono kuinuliwa, mmoja wenu asimame aombe kifungu cha kujitoa kisomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo bibi aliyekaa nyuma anaielewa. Kisomwe chote: nani anapokea barua, siku ngapi, na ardhi inarudi kwa nani. Ikiwa msomaji anapekua kurasa na hakioni, ahirisheni kura, muandike kwenye muhtasari sababu ya kuahirisha, na mwenyekiti autie saini palepale.